Simba wa Redioni na Nguruwe wa Shambani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Ni siku sauti ya kaka yangu Athumani ilipotoka redioni. Tulikuwa kwetu Mloka, kule ambako ukishapita nyumba za mwisho unaingia pori la wanyama, na redio yenyewe ilikuwa ya Mzee Mbonde, mwenye duka. Aliiweka juu ya meza ya kuuzia, akaigeuzia nje ili sote tusikie. Wazee walipewa viti. Sisi wanawake tulikaa kwenye mikeka ubavuni mwa duka, na kila mtoto aliyelia alitolewa mbali. Kisha tukasikia: "Niliposhika kile kijinga cha moto sikuwaza kitu. Nilisikia anamburuta mtu, nikapiga ukelele, nikamfuata."

Ilikuwa sauti yake, na si yake. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Lakini kile kikohozi kifupi alichokuwa akikitoa kabla ya kuanza kusema kilikuwa chake kabisa. Nilicheka huku machozi yananitoka.

Sasa nimezeeka. Naishi hapa Kibiti kwa binti yangu, karibu na barabara kubwa, nalala na kuamka na honi za mabasi ya Lindi. Athumani hayupo duniani. Nikimkumbuka, naitafuta sauti yake ya nyumbani, ile aliyokuwa akiniitia uani, "Zena! Zena we!" Lakini inayokuja kwanza ni ile ya redioni, nyembamba, inayosema habari za simba. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kukueleza. Ndiyo maana nataka ukae kidogo kabla hujaondoka, uweke hiyo simu yako pembeni, nikusimulie jinsi tulivyompoteza. Maana hatukumpoteza kwa simba, ingawa ukiwauliza wengi watakwambia hivyo.

Mimi na Athumani tulilelewa na mama mkubwa, dada wa mama yetu, jina lake Tatu. Mama alifariki tungali wadogo. Mama mkubwa hakuwa mtu wa maneno laini. Akikupenda alikupakulia ukoko wa chini ya chungu, basi, hapo umeshapendwa. Alikuwa na shamba bondeni, la mpunga na mahindi, na kilimo chetu kule, mwanangu, kilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja ni wewe unayelima, wa pili ni yule anayekuja kula usichomlimia.

Nasema nguruwe wa porini. Sisi Waislamu jina lake hatulipendi mdomoni, na mama mkubwa hakulitaja kabisa, alimwita "yule mchafu". Walikuja kwa makundi. Ukilala nyumbani usiku mmoja tu mpunga ukiwa umeshatunga, asubuhi unakuta shamba limelazwa chini kama limepitiwa na gogo. Kwa hiyo kila familia ilijenga dungu, kichanja kirefu cha miti chenye paa la makuti, na tangu punje zinapoanza kujaa hadi siku ya kuvuna watu walilala huko, wanapiga madebe na kupiga kelele. Mimi nimekulia dunguni. Homa zangu zote za utotoni nimezipatia huko, na kuhesabu nyota nimejifunzia huko. Wapo wanandoa waliokuwa hawalali pamoja msimu mzima, mmoja yuko na watoto nyumbani, mwingine yuko shambani anapambana na yule mchafu.

Nisikufiche, pamoja na taabu yote hiyo, napatamani. Natamani zile asubuhi tuliporudi kijijini macho mekundu, tukikutana njiani tunaulizana. Hatukusema "mambo" na "poa" tukapitana. Mtu alisimama. "Habari za kulala?" "Habari za bondeni?" "Kwako wameingia?" "Kwa yule mjane wameingia?" Ukifika nyumbani umeshajua shamba la nani limeliwa na nani anahitaji mkono. Hapakuwa na mtu wa mbali aliyetuchagulia la kuzungumza. Tulilichuma wenyewe, njiani, kila siku.

Mwaka ule ninaousema, wazee walikuwa wameshakubaliana mambo mawili. La kwanza, kijiji kizima kichimbe handaki refu upande wa porini, ili wale wachafu wasipate pa kupita. La pili, watu kadhaa waende ofisi za wilaya kuomba bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, aletwe na bunduki wakati wa mavuno. Siku ya kuanza kuchimba ilikuwa imeshapangwa.

Ndipo simba akaja. Si ajabu kwamba alikuja. Nguruwe walifuata mpunga, simba akawafuata nguruwe, na sisi tulikuwa katikati. Alimtoa jirani yetu Mzee Ngwele dunguni kwake. Athumani alikuwa dungu la pili. Aliruka chini na kijinga cha moto, akapiga ukelele, akamkimbilia yule mnyama hadi akamwachia mzee. Lakini Mzee Ngwele hakuishi. Alikata roho kabla hatujampatia gari la kumpeleka hospitali. Siku chache baadaye simba akamchukua mtu mwingine upande wa pili wa kijiji, na hapo habari zikatoka, zikafika Ikwiriri, zikafika mjini, na mwandishi wa redio akaja kwa gari.

Aliitwa Rashidi. Nataka umfikirie vizuri huyo kijana wa watu, maana hakuwa mbaya. Alimsalimia kila mzee shikamoo yake, alikula nasi ugali kwa samaki bila kuchagua, alikwenda kutoa pole kwa wafiwa kabla hajafungua mashine yake ya kunasia sauti. Kisha akauliza. Simba ni mkubwa kiasi gani? Anakuja na mwenzake au peke yake? Mlimsikia akinguruma? Mnaogopa? Watu walimjibu, na kaka yangu alimjibu kuliko wote, maana ndiye aliyemwona uso kwa uso.

Baada ya ile siku ya dukani kwa Mzee Mbonde, kila kitu kilibadilika, na kilibadilika taratibu hata hukujua kinabadilika. Ndugu zetu wa Ruaruke walituma salamu za pole. Wachuuzi waliotoka Kibiti, kabla hawajashusha mizigo, waliuliza simba yuko wapi. Athumani alianza kuitwa Simba. Akipita gulioni wasichana waligeuka, na mchumba wake, Mwajuma, akawa anatembea kwa madaha kama yeye ndiye aliyeshika kile kijinga. Na sisi wenyewe, tulipokutana njiani asubuhi, hatukuulizana tena kwako wameingia. Tuliulizana, "Umesikia redio jana?" Mtu ambaye hakuwahi kuona hata unyayo wa simba alikuwa na hadithi ndefu ya simba. Siku ya kuchimba handaki ilifika. Watu walikuja na majembe, wakasimama, wakazungumza habari za simba mpaka jua likawa kali, wakarudi makwao.

Mama mkubwa alikuwa anatazama. Asubuhi moja Athumani alikuwa anakunywa uji uani, kifua kimemjaa, anasimulia tena. Mama mkubwa akamwacha amalize. Kisha akamwuliza huku anapepeta mchele:

"Nilikusikia kwenye redio, mwanangu. Umesema vizuri."

"Ahsante, mama mkubwa."

"Yule bwana alikuuliza nini?"

"Aliniuliza habari za simba."

"Nawe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia habari za simba."

"Na Mzee Ngwele, Mungu amrehemu, alikuwa anafanya nini kule juu? Alikwenda kumtafuta simba?"

Athumani akaweka kibuyu chini. Alitoa kile kikohozi chake.

"Alikuwa analinda mpunga," mama mkubwa akasema. "Anaukinga na yule mchafu, kama alivyoukinga baba yake. Simba akifa leo, kesho nani atalala kitandani kwake? Sikulaumu. Mgeni akija na swali lake, mjibu, ni adabu. Lakini usisahau kwamba na wewe ulikuwa na lako kabla hajaja. Ukishasahau lako, umebaki kuwa mdomo wa swali la mwenzio."

Maneno hayo sikuyaelewa vizuri siku ile. Nilidhani anamwonea kaka yangu wivu wa sifa.

Bwana Rashidi alirudi, safari hii pamoja na askari wa wanyamapori waliokuja kumwinda simba. Mama mkubwa akavaa kanga zake mpya, akamfuata mpaka alipokuwa amekaa, akamwambia anataka kusema. Yule kijana alifurahi, akampa kiti, akamsogezea kile kipaza sauti. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya kiti chake. Mama mkubwa alisema: "Simba huyu ametutesa, wallahi, ametuulia watu. Lakini simba ni mgeni. Amekuja mwaka huu. Hao wachafu wanaokula mpunga wako hapa tangu mimi sijazaliwa, na ndio wanaotutoa majumbani tukalale porini, tunaugua, tunaachana na waume zetu, watoto hawasomi. Mkimuua simba mkatuachia hao, mtakuwa mmetufuta machozi ya jicho moja."

Bwana Rashidi hakumkatiza. Mama mkubwa alipomaliza, akamwambia, "Mama, umesema jambo la kweli. Nitayapeleka yote. Ila sikufichi, mimi sikai pale yanapochaguliwa. Watu wa mjini wakisikia simba wanaacha sahani wanasogelea redio. Wakisikia nguruwe, wanaendelea kula."

"Basi waambie wanachokula ndicho kinacholiwa huku," mama mkubwa akamjibu. Wakacheka wote wawili. Walipendana, nadhani.

Jioni ya matangazo tukajaa tena dukani. Sauti ya mama mkubwa ikaja, nzito, haikupungua kitu: "Simba huyu ametutesa, wallahi, ametuulia watu." Na hapo hapo akaingia mtangazaji, akaeleza jinsi askari walivyojipanga. Tukasubiri. Taarifa ikaisha, wakaweka muziki. Watu walikuwa wanampongeza mama mkubwa, wanamshika mkono, kwamba naye ametoka redioni. Yeye aliinuka, akakung'uta kanga yake, akaniambia, "Wamechukua mdomo, maneno wameniachia."

Simba aliuawa. Siwezi kukudanganya kwamba hatukufurahi. Ngoma zilipigwa, akina mama walipiga vigelegele, na mjane wa Mzee Ngwele aliletwa akautazama mzoga, akalia mpaka akashikwa. Na nikuambie ukweli mwingine: bila ile redio wale askari wasingekuja upesi, na huenda simba angetuchukua wengi zaidi. Shukrani ile nimeitunza mpaka leo.

Lakini jua la siku iliyofuata likiwa linatua, Mzee Mbonde alifungua redio, nasi tukasikia taarifa ya mwisho juu yetu. Mtangazaji alisema kwamba hofu imekwisha, na wakazi wa eneo lile sasa wanalala majumbani mwao kwa amani. Nikageuka. Mama mkubwa alikuwa anapita mbele ya duka, mkeka kichwani, debe mkononi, anakwenda dunguni. Nyuma yake walikuwepo wengine, wanaume na wanawake, wengine wamebeba watoto mgongoni. Hakuna aliyesimama kubishana na redio. Ungebishana nayo vipi?

Wazee walikwenda wilayani kama walivyokubaliana tangu mwanzo. Walirudi wamenywea. Ofisa aliyewapokea alikuwa mtu mstaarabu, aliwapa hata chai, lakini alishangaa kweli kweli. "Si tatizo lenu limekwisha? Nimesikia mwenyewe redioni." Walipomweleza habari za wachafu aliona kama wanaanzisha jambo jipya, kama watu waliosaidiwa juzi na leo wamerudi tena na mkono wazi. Akasema ataliangalia. Na lililoniuma zaidi lilikuwa la pale pale kijijini. Ile kazi ya handaki, ilipopangwa upya, nusu ya watu hawakutokea, ikafa. Walisema tumeshatoka kwenye shida, tupumzike. Ndio hao hao waliolala dunguni jana yake! Watu wa mjini walituamulia kwamba shida yetu ni simba, na kwamba imekwisha, nasi tukakubali.

Msimu ule wachafu walitula vibaya. Shamba letu, ambalo Athumani alilitegemea limpatie mahari ya Mwajuma, lilibakiza mpunga usiotosha hata kutupitisha masika. Alizunguka lile shamba asubuhi moja, mikono nyuma. Baada ya wiki chache akaniambia anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, angalau ya msimu mmoja.

Nilimsindikiza mpaka lilipokuwa lori. Nilimbebea furushi lake, ingawa hakutaka nilibebe.

"Msimu ujao narudi, Zena," akasema. "Mwambie Mwajuma."

"Mwambie mwenyewe."

"Nimeshamwambia. Mwambie tena."

Hakurudi msimu ule, wala uliofuata. Mwajuma alingoja mpaka kwao wakachoka kungoja, akaolewa na mtu wa Ikwiriri. Kaka yangu alipata kazi ya kubeba mizigo, kisha ya ulinzi, kisha akaoa huko huko. Siku hizo hatukuwa na simu. Kulikuwa na kipindi cha salamu redioni, watu wanatuma majina yanasomwa, na mara moja moja, katikati ya majina ya watu tusiowajua, tulisikia: Athumani wa Mbagala anamsalimu mama yake mkubwa Tatu na dada yake Zena, Mloka, Rufiji, ujumbe wake ni kwamba anawakumbuka. Mama mkubwa alikuwa anajibu pale pale dukani, kwa sauti, kana kwamba anasikiwa: "Nasi twakukumbuka, baba! Njoo nyumbani!" Watu walicheka. Mimi nilikwenda pale dukani kwa Mzee Mbonde jioni baada ya jioni, miaka mingi, nikisubiri majina hayo. Hata leo nikisikia redio inasoma majina ya watu moyo wangu unasimama.

Alikuja msibani. Mama mkubwa alipofariki Athumani alifika siku ya tatu, ametoka mvi masikioni, amevaa kanzu ya mjini. Baada ya kisomo tulikaa uani wawili tu, na nikamwuliza wanasemaje huko mjini kuhusu kwetu. Akatabasamu, lakini halikuwa tabasamu la furaha.

"Zena, kila nikisema natoka Mloka, mtu ananiuliza, kule kwenye simba? Mwanzoni nilikuwa naeleza. Nasema bwana, kilichonitoa kwetu ni nguruwe, waliula mpunga wangu. Wanacheka mpaka wanakaa chini. Mtu mzima, Mwislamu, umefukuzwa na nguruwe! Nikaona niseme simba tu. Simba wanakaa wanasikiliza, wananiheshimu." Akakohoa kile kikohozi chake. "Sasa nimesema simba miaka yote hii. Nikilala namwota simba. Nguruwe simwoti tena. Wakati mwingine najiuliza, hivi kweli niliondoka kwa ajili gani?"

Nilimshika mkono. Huyo ndiye mtu aliyekuwa dunguni tangu utoto wake, na habari yake mwenyewe ilikuwa inamponyoka.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyoonana ana kwa ana. Alipofariki nilipata habari alfajiri, nikatoka Mloka, nikabadili gari Ikwiriri, na kufika Mbagala nikakuta wameshamzika. Maiti haingoji, na mimi nilikuwa mbali. Nilionyeshwa kaburi, udongo bado mbichi. Nilisimama pale nikajaribu kusema kitu kwa Kindengereko, maneno ya nyumbani, ili asikie lugha ya mama mkubwa kabla hajazoea ukimya. Sikumaliza.

Binti yake mkubwa, Rukia, alinipokea kwa heshima sana. Alinipigia magoti, akanipa chai, akakaa karibu yangu. Akasema, "Shangazi, baba alitusimulia sana habari za kwenu. Jinsi alivyomkimbia simba mpaka akahamia huku."

"Alimkimbia?"

"Ndiyo. Si ndiyo sababu alihama?"

"Rukia," nikamwambia, "baba yako hakumkimbia simba hata siku moja. Simba ndiye aliyemkimbia baba yako. Aliyemtoa kwao ni nguruwe."

"Nguruwe, shangazi?"

Nikaona midomo yake inacheza, anataka kucheka, naye yumo matangani kwa baba yake. Sikumkasirikia. Nilimshika goti, nikamweleza yote: dungu, na madebe, na Mzee Ngwele alikuwa analinda nini, na handaki lisilochimbwa, na shamba la mahari, na furushi nililombebea. Nilisema mpaka wakaadhini alasiri. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka zamani. Alikuwa analia, lakini kilio kingine, si kile nilichomkuta nacho.

"Mbona hakutuambia?" akauliza.

"Hakuna aliyemwuliza," nikasema.

Mwanangu, nakupa haya si kwa sababu naichukia redio. Naipenda mpaka leo, na hiyo simu yako ni redio tu iliyopata macho. Wala usidhani nakwambia wale watu walitudanganya. Hakuna neno la uongo walilosema. Simba alikuwepo, aliua, akauawa. Ila jambo likisemwa sana linakua, hata kama ni la mwezi mmoja, na jambo lisilosemwa linanywea, hata kama limekula watu kwa vizazi. Linanywea kwanza kwa watu wa mbali, halafu kwa wakubwa wa ofisini, halafu kwa majirani, na mwisho linanywea moyoni mwa mwenyewe aliyeumia. Hao wenye redio na magazeti na hizo kurasa zenu hawatulazimishi tufikiri nini. Wanachokifanya ni kutuwekea mezani cha kufikiria, na sisi tukishakaa mezani hatuulizi nini kimeachwa jikoni.

Hapa Kibiti nawaona vijana wa bodaboda wanavyobishana tangu asubuhi juu ya msanii aliyeachana na mkewe. Wanajua alisema nini, alivaa nini, nani ana haki. Bomba la mtaa wetu halitoi maji, wake zao na mama zao wanapita na ndoo mbele ya macho yao, na hilo sijasikia mtu akilibishania. Niliposimama siku moja nikauliza, "Na maji, wanangu?" mmoja akasema, "Hilo kweli, bibi," na wakarudi kwa msanii. Si watoto wabaya. Swali lao limechaguliwa mapema, kabla hawajapiga mswaki.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikiliza habari, soma, ujue dunia inakwendaje, lakini kila siku kabla hujafungua hiyo simu jiulize kwanza wewe mwenyewe: kwetu pana nini leo? Nani hakulala? Nini kinatuumiza ambacho hakijatajwa? Ukishapata jibu lako ndipo usikilize ya wengine, na uyapime kwa hilo. Ukiambiwa jambo fulani limekwisha, tazama nje uone kama limekwisha. Na ukija kuwa mwenye kipaza sauti, maana wengi wenu mnakitaka, usiende kwa watu na maswali peke yake. Baada ya kuuliza yako yote, kaa, nyamaza, kisha waulize: mlitaka niwaulize nini? Na wakikujibu jambo ambalo halina mvuto, hilo ndilo ulipiganie lisikatwe. Na wazee wako, mwanangu, waulize wangali hai. Usiridhike na hadithi wanayoisimulia kwa sababu wageni waliipenda. Uliza iliyo chini yake.

Mwenyezi Mungu akujaalie masikio yasiyochoka na moyo usiochaguliwa la kujali. Akupe rizki ambayo haitakulazimisha kuondoka kwenu, na kama ni lazima uondoke, akurudishe ungali unajua kwa nini uliondoka. Akupe watu wa kukuuliza habari zako, na muda wa kuzieleza mpaka mwisho. Nenda na radhi zangu, na ukifika, msalimie kila mtu utakayemkuta, usimame umsikilize.